Mvua Ina Sheria Yake, Mto Una Yake

Toleo lililopita tuliandika kuhusu utabiri wa masika na mipaka yake. Barua zilizofuata zimekuja na lalamiko linalofanana: Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilitangaza mvua, mvua ikanyesha kama ilivyosemwa, lakini mafuriko yakawakuta watu wamelala. Wengi wanauliza kama sheria ina la kusema hapo. Inalo, tena kubwa. Tumechagua barua nane, tukazifupisha, na wataalamu wa safu hii wanazijibu.

Huku Ikwiriri maji yanatufikia jua likiwaka, mvua hatujaiona siku tatu. Redioni wanasema Pwani kutakuwa na mvua za wastani. Nani hasa anapaswa kutuambia kwamba mto unakuja?
*Mkulima wa mpunga, Rufiji*

Pole sana kwa shamba, ndugu yetu. Utabiri uliousikia huenda haukukosea, ila ulikuwa unajibu swali jingine. Maji yanayopita Ikwiriri kwa sehemu kubwa hayakunyesha Pwani. Mto Rufiji unaanzia pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, kisha Ruaha Mkuu unaingia, ukiwa umebeba maji ya nyanda za juu za Mbeya na Iringa. Bonde zima lina takriban kilomita za mraba 180,000. Mvua inayomwagika Mufindi leo inachukua siku kadhaa kukufikia, na siku hizo ndizo muda wako wa kuhamisha mbegu, mifugo na wazee. Zikipotea bila wewe kuambiwa, kosa limetokea katikati ya ofisi na ofisi.

Kwa nini katikati? Kwa sababu kazi hii imegawanywa na sheria tatu. Mvua iko chini ya Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania Na. 2 ya 2019. Mto uko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, iliyoweka mikononi mwa bodi za maji za mabonde kazi ya kupima na kusimamia maji. Mabonde yako tisa, na lako ni la Rufiji. Kuwahamisha watu na kuwahifadhi kuko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015. Hizo ni Wizara ya Uchukuzi, Wizara ya Maji na Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwenu kuna mlango wa nne: TANESCO, wanaoendesha Bwawa la Julius Nyerere. Bwawa likijaa na milango ikafunguliwa, kina cha mto chini yake hakifuati tena mvua peke yake. Kinafuata pia uamuzi wa mtu aliyeko kwenye mitambo.

Kila sheria inaeleza kazi ya mlango wake. Lakini nani ampigie nani simu, ndani ya dakika ngapi, maji yakifika alama ipi, hayo sheria mama huyaachia kanuni na makubaliano ya taasisi. Baada ya mafuriko ya Rufiji na Kibiti Aprili 2024, sisi tunaona hapo ndipo pa kushikilia kwanza, kabla hata ya kudai rada mpya.

Msisubiri kanuni, hata hivyo. Serikali ya kijiji iiandikie Bodi ya Maji Bonde la Rufiji barua yenye maswali matatu tu. Kituo gani cha kupimia mto kule juu ndicho kinachotumika kwa ajili yetu? Maji yakifika mita ngapi pale, sisi tuanze kuhama? Kutoka pale hadi hapa maji yanachukua saa ngapi? Majibu yaandikwe kwa rangi ukutani mwa ofisi ya kijiji, na namba ya simu ya ofisa wa zamu chini yake. Kwa upande wa bwawa, ombeni kupitia kwa Mkuu wa Wilaya mpewe taarifa kabla ya kila ufunguaji wa milango, ikitaja saa ya kufungua na kiasi cha maji kwa sekunde. Taarifa isemayo "wananchi wachukue tahadhari" bila saa wala kiasi haimsaidii mtu kuamua kama alale au ahame.

Wakala wa Hali ya Hewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa vinatofautiana nini zaidi ya jina?
*Mwanafunzi wa sheria, Dodoma*

Hadi 1977 kazi hii ilifanywa kwa pamoja chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika, Bunge lilitunga Sheria ya Hali ya Hewa Na. 6 ya 1978, ikawa idara ya serikali. Desemba 1999 idara ikageuzwa wakala chini ya Sheria ya Wakala za Serikali Na. 30 ya 1997. Wakala huundwa kwa amri ya waziri. Mamlaka ya 2019 imeundwa na Bunge lenyewe, kwa hiyo ina miguu imara zaidi.

Jingine kubwa ni kwamba TMA sasa inadhibiti pia. Anayemiliki kituo cha kupimia hali ya hewa anatakiwa akisajili, na kutoa tahadhari ya hali mbaya ya hewa bila idhini ni kosa. Faida yake ni kwamba takwimu zilizotawanyika kwenye mashamba makubwa, migodi na vyuo zinaweza kuingia kwenye hazina moja. Hatari yake ni kwamba anayecheza ndiye anayepuliza filimbi. Usajili ukiwa mgumu au wa gharama, mwenye kipimo kijijini atakificha badala ya kukisajili, na hazina itabaki na matundu yaleyale.

Usiisahau Katiba. Utabiri wa hali ya hewa umo kwenye orodha ya mambo ya Muungano katika Nyongeza ya Kwanza. Rasilimali za maji hazimo. Ndiyo maana TMA inatabiri mvua Pemba, lakini visima na mito ya Pemba viko chini ya sheria za Zanzibar, na maafa ya Zanzibar yana kamisheni yake. Makubaliano ya kupeana takwimu kati ya ofisi za Bara na za Visiwani yana uzito kuliko watu wengi wanavyodhani.

Ushirika wetu umenunua vipimamvua vinne. Je, lazima tuvisajili? Na tuviweke vipi ili takwimu zetu zikubalike?
*Katibu wa AMCOS, Mbozi*

Nendeni ofisi ya TMA iliyo karibu nanyi kabla ya kuchimba shimo lolote. Ofisa atawaeleza utaratibu wa usajili na atakagua mahali. Kipimo kilichowekwa vibaya miaka mitatu ni miaka mitatu iliyopotea, maana takwimu hizo haziwezi kusahihishwa baadaye.

Mahali pawe wazi. Kitu chochote kirefu kiwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake: mwembe wa mita 8 uwe mita 16 kutoka kwenye kipimo, na ukiweza zaidi, bora. Msikiweke juu ya paa, kwa sababu upepo wa pale hurusha matone yasiingie. Mdomo wa kipimo uwe sawa kabisa. Tumieni pimamaji ya fundi mwashi, mpime pande mbili zinazokatana. Nyasi zinazozunguka ziwe fupi, wala pasiwe na saruji, maana matone huruka kutoka kwenye saruji na kuingia.

Kosa tunalolikuta mara nyingi liko kwenye chupa ya kupimia. Kila kipimamvua kina chupa yake iliyochorwa kwa upana wa mdomo wake. Kuna vipimo vya mdomo wa milimita 127 na vingine vya milimita 203. Chupa ya kile kidogo ikitumika kwenye kile kikubwa, kila namba inakuzwa zaidi ya mara mbili na nusu: mvua ya milimita 20 inasomeka 51. Hapo mmeshavuka milimita 50 kwa saa 24, kiwango ambacho TMA inakiita mvua kubwa, na mtu wa mtoni ataanza kupiga simu bila sababu. Chupa ikivunjika, tumieni ya maabara yenye alama za mililita. Gawanyeni mililita kwa 12.7 kama mdomo ni wa 127, au kwa 32.4 kama ni wa 203. Jibu ni milimita za mvua.

Someni kila siku saa tatu kamili asubuhi, hata kama haikunyesha. Saa hiyo ni 06:00 kwa saa za kimataifa (UTC), na vituo vyote vya ukanda huu husoma wakati huo. Andikeni tarehe na saa mliyosoma, msijaribu wenyewe kuirudisha mvua kwenye siku ya jana. Siku isiyo na mvua andikeni 0.0. Siku ambayo hakuna aliyesoma acheni wazi na mweke alama ya X, kwa sababu sifuri na kutosoma ni vitu viwili tofauti kabisa, na sifuri ya uongo hugeuka ukame kwenye ramani. Mkisoma Jumatatu maji ya Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, andikeni jumla mbele ya Jumatatu na mseme "siku 3".

Kila wiki angalieni ndani ya mdomo. Utando wa buibui na jani moja la mgomba vinatosha kuzuia mvua ya usiku mzima isishuke, ikabaki juu na kukauka jua likitoka.

Mimi nasoma bao la kupimia kina cha mto. Baada ya mafuriko ya mwaka huu nguzo imeinama kidogo. Niinyooshe?
*Msoma vipimo, Kilosa*

Usiiguse, tafadhali. Endelea kusoma saa zilezile, na kwenye daftari andika "bao limeinama tangu tarehe fulani". Bao lililoinama husoma zaidi ya kina halisi: likilala nyuzi 20, maji ya mita 2.00 yatasomeka takriban mita 2.13. Hilo mhaidrolojia, yaani mtaalamu wa vipimo vya mito, anaweza kulirekebisha kwa hesabu, mradi anajua ni lini lilianza. Ukilinyoosha kwa macho, sifuri yake itahama, na hakuna hesabu itakayoirudisha. Piga simu bodi ya bonde waje na darubini ya upimaji, walipime upya kutoka kwenye alama ya kudumu iliyo ukingoni. Na hiyo alama uijue ilipo. Ng'ombe na matrekta huing'oa.

Kuna jambo zito zaidi ambalo wasoma vipimo wengi hawajaelezwa. Bao linatoa kina tu. Anayetabiri anahitaji kiasi cha maji kwa sekunde, na anakipata kwa mchoro unaounganisha kina na kiasi. Mchoro huo huchorwa kwa watu kuingia mtoni na mashine ya kupima mwendo wa maji, mara nyingi, wakati maji ni machache na wakati ni mengi. Mafuriko yakichimba kitako cha mto au yakimwaga mchanga, mchoro wa zamani umekufa: mita 2 za mwaka huu si mita 2 za mwaka jana. Mto kama Mkondoa, wenye mchanga mwingi, unahitaji kupimwa upya kila baada ya mafuriko makubwa. Kazi hiyo inakula mafuta ya gari, posho na mashine, na bajeti ikibana ndiyo inayokatwa kwanza kwa sababu hakuna anayeiona. Kanuni ikiitaja kwa jina, kwamba kila kituo cha kutabiria mafuriko kipimwe upya ndani ya siku kadhaa zinazotajwa, mhasibu hataweza kuikata kimyakimya.

TMA wakitoa "angalizo" na "tahadhari", mimi mwenyekiti wa mtaa nifanye nini kwa kila moja? Watu wangu wako kando ya Msimbazi.
*Mwenyekiti wa mtaa, Dar es Salaam*

Ngazi ni tatu. Angalizo ni rangi ya njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Chini ya kila ramani kuna mistari miwili ambayo wengi hawaisomi: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Isome yote. Athari kubwa yenye uwezekano mdogo bado inastahili kazi zisizo na gharama, kama kuzibua mifereji na kuhakikisha simu zina chaji.

Msimbazi si Rufiji. Unateremka kutoka vilima vya Pugu hadi Jangwani na Salender kwa mwendo wa saa chache, hivyo bao la mtoni peke yake halikupi muda. Milimita 50 juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni 50, na kwenye mabati na lami sehemu kubwa inakimbilia mtoni mara moja. Kwenu tahadhari lazima ianzie angani, kwenye rada, na iwe mkononi mwako kabla tone la kwanza halijaanguka.

Sheria ya Maafa ya 2022 inashusha kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa, kwa hiyo wewe si mpitisha ujumbe tu. Kabla ya masika uwe na orodha ya kaya zilizo karibu na mto, na ndani yake alama kwa kila nyumba yenye mgonjwa, mjamzito au mtu asiyetembea. Ukipata njano, wajumbe wapite nyumba hizo tu. Ukipata chungwa, hizo zihame jioni kabla ya giza, na mwalimu mkuu wa shule iliyopangwa awe ameshakabidhi funguo. Nyekundu ni ya wote.

Unaulizwa pia kuhusu mita 60. Ziko kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, kinachozuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuuharibu mto, ndani ya mita hizo kutoka ukingoni. Ni sheria ya kweli, ila usiku wa mvua si wakati wa kugombana nayo. Okoa watu kwanza.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye WhatsApp kuhusu kimbunga. Tutajuaje ni wa kweli?
*Mvuvi, Mafia*

Tafuta vitu vitatu: jina la mtoaji, tarehe na saa ya kutolewa, na muda unaohusika. Kikikosekana kimoja, usiusambaze. Piga simu TMA au msikilize redio ya eneo. Tahadhari ya bahari ya kweli hutaja namba, kwa mfano upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, taarifa zilikuwa zinabadilika kadiri kilivyosogea, na ujumbe wa jana ulikuwa tayari umepitwa.

Huku Texas tunasikia Bunge la Marekani linatunga sheria za utabiri. Zina nini ambacho nyumbani tungeweza kuchukua?
*Msomaji, Houston*

Kitu cha kuchukua ni namna zinavyoandikwa. Sheria ya utafiti na utabiri wa hali ya hewa iliyotiwa saini 18 Aprili 2017 inataja lengo linalopimika: tahadhari za vimbunga vya nchi kavu zitolewe zaidi ya saa moja kabla. Inataja mtu: kila ofisi ya utabiri, na ziko 122, iwe na angalau mtaalamu mmoja wa kuratibu tahadhari, anayekaa na watu wa uokoaji na vyombo vya habari wa eneo lake. Inataja fedha: dola milioni 6 kwa mwaka kati ya 2017 na 2020 za kujaribu kununua takwimu za kampuni binafsi. Lengo, mtu na fedha vikiwa ndani ya sheria, mbunge ana kitu cha kuuliza mwaka unaofuata.

Kwenye maji, Marekani walikuwa na tatizo kama letu, mvua kwenye chombo kimoja na mito kwenye vingine. Agosti 2016 walianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kutabiri mito ya nchi nzima. Zamani walitabiri kwenye vituo kama 4,000. Mfumo huo unashughulikia vipande vya mito milioni 2.7. Mwaka 2022 ikaja sheria ya mfumo wa taifa wa taarifa za mafuriko. Wewe wa Houston unajua kwa nini: kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilimwaga zaidi ya milimita 1,500 sehemu za Texas. Mwaka uliofuata makadirio ya mvua kubwa ya saa 24 ambayo uwezekano wake ni asilimia 1 kwa mwaka yalipandishwa Houston kutoka takriban inchi 13 hadi 18. Makalavati yaliyojengwa kwa inchi 13 yamebaki palepale.

Nyumbani hatuhitaji kuanza na vipande milioni. Kanuni moja chini ya sheria zilizopo ingetosha kuanzia. Itaje vituo vya mto vya kutabiria kwa majina, kina cha hatari cha kila kimoja, na dakika ambazo TMA, bodi ya bonde, mwenye bwawa na kamati ya maafa wanapewa kupashana habari. Itaje pia fungu la matengenezo lisilohamishika.

Kituo kinachojiendesha cha kata yetu kimeibiwa sola na betri mara mbili. Tufanyeje?
*Mtendaji wa kata, Manyoni*

Ripoti polisi na TMA siku hiyohiyo, kwa sababu kuharibu mitambo ya hali ya hewa ni kosa kisheria na kila siku isiyo na takwimu inahesabika. Kisha omba kituo kihamishiwe ndani ya uzio wa shule au zahanati, penye mlinzi na penye uwazi wa kutosha. Sola ifungwe kwa nati zisizofunguka kwa spana ya kawaida, betri iwe ndani ya sanduku la chuma lililochomelewa kwenye nguzo. Na wakati mnasubiri betri mpya, wekeni kipimamvua cha mkono palepale na mtu wa kukisoma saa tatu asubuhi.